TAFAKARI YA JUMA: Mawe ya Mikindani na Maji ya Ruvuma



Wapendwa waamini, kila mvua za masika zinapokoma na barabara kukauka, vyama vyetu vya kitume huanza kupanga ziara. WAWATA wana yao, VIWAWA wana yao, na kwaya, kama kawaida, wana tatu. Wale wanaoelekea Mtwara nikiwauliza wanakwenda kuona nini, hunijibu kwa sauti moja: Msimbati, kuogelea. Sina ugomvi na kuogelea. Muumba aliiona bahari kuwa ni njema, nami nani nikaipinge. Lakini basi linaloshuka kutoka Ndanda na Nyangao kwenda Mtwara mjini hupita Mikindani, na mara nyingi halisimami hata kwa dakika kumi. Abiria huchungulia dirishani, huona kuta za matumbawe zilizobomoka na milango ya nakshi, kisha hupita.

Sura ya nne ya Kitabu cha Yoshua inasimulia jinsi wana wa Israeli walivyoagizwa kutoa mawe kumi na mawili katikati ya mto Yordani na kuyasimamisha, ili siku moja watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Mawe ya Mikindani nayo yamesimama. Juma hili ningependa tuyajibu maswali ya watoto kabla hawajauliza, ili atakayekwenda huko ajue amekanyaga wapi.

Mikindani iko kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, kandokando ya ghuba iliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote, maji yake yakiwa yametulia kama ya ziwa. Jina lake husemwa limetokana na mikinda, yaani minazi michanga. Kwa karne nyingi majahazi yalitia nanga hapo. Misafara iliyotoka bara, mingi ikiongozwa na Wayao kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ilileta pembe za ndovu, na pwani yenyewe ilitoa sandarusi. Ilileta pia watu. Tutalirudia neno hilo hivi punde.

Kivutio ambacho wageni huonyeshwa kwanza ni nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi na kibao kinachomtaja David Livingstone. Kwa mapokeo ya mji, hapo ndipo alipokaa kabla ya kuanza safari yake ya mwisho. Historia yenyewe iko wazi. Livingstone alifika kwenye mlango wa mto Ruvuma mwezi Machi 1866, akashindwa kuwashusha wanyama wake kwa sababu ya mikoko na mkondo wa maji, ndipo meli ikamleta Mikindani. Alishuka tarehe 24 Machi 1866. Alikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, askari wa Kihindi kutoka Bombay, vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko huko India, na watu wengine wa Afrika. Mapema mwezi Aprili akaondoka kuelekea bara, na Mikindani hakurudi tena.

Kibao kinamtaja yeye. Sasa niwaulize: ni nani aliyemrudisha pwani? Alipofariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, na mwili ukapokelewa kwanza katika misheni yetu ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Viongozi wa msafara ule walikuwa Chuma na Susi, na wote wawili walikuwamo katika kundi lililoshuka Mikindani mwaka 1866. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861 alikuwa kijana mdogo akipelekwa kuuzwa, akakombolewa huko Shire na kundi la Livingstone na Askofu Mackenzie. Baadaye aliongoza misafara ya wamisionari wa Kianglikana kwenda bara. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886 na kuitwa Daudi. Mtu aliyekuwa bidhaa ndiye aliyembeba mgunduzi begani. Wakati wa kupiga picha mbele ya mlango ule, tafadhalini wataje watoto majina hayo mawili, kwa maana kibao hakitawasaidia.

Hatua chache kutoka hapo pana jengo linaloitwa Soko la Watumwa. Matao yake yaliyokuwa wazi yalizibwa wakati wa matengenezo, likatiwa vyumba vya maduka ya kazi za mikono, na mgeni asiyeambiwa anaweza kununua kinyago na kuondoka asijue aliposimama. Iwe ni ndani ya kuta hizo au katika uwanja wa jirani, jambo lenyewe halina shaka: bandari hii ilisafirisha watu. Kilwa ndiyo iliyokuwa na biashara kubwa zaidi, lakini ghuba za kusini, Mikindani, Sudi na Lindi, zilipata sehemu yao, hasa pale mashamba ya karafuu ya Zanzibar na ya miwa katika visiwa vya Wafaransa yalipotaka mikono. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko na kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Watoto wetu hufundishwa kwamba utumwa uliisha hapo. Haukuisha. Misafara ya nchi kavu iliendelea, ikapigwa marufuku mwaka 1876, ikaendelea tena kwa kificho. Serikali ya Wajerumani iliacha utumwa wa majumbani na mashambani uendelee chini ya sheria, na katika Tanganyika sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922 tu, wakati wa Waingereza. Maana yake wapo wazee tuliowazika katika maisha yetu ambao mama zao walizaliwa watumwa. Si habari ya kale sana.

Ukisimama hapo ningependa ukae kimya kidogo. Si lazima kuimba wala kusali rozari kwa sauti. Mikindani ni mji wa Waislamu, majirani zetu wema, na wengi kati ya waliouzwa hapo hatujui walimwita Mungu kwa jina gani. Sala ya moyoni kwa ajili ya marehemu inatosha, na Mungu anawajua.

Ndugu zetu Waanglikana wana sehemu katika habari hii ambayo sisi Wakatoliki tunapaswa kuisimulia kwa heshima. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, wakashukia Lindi, wakitaka kuwarudisha makwao upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakakaa. Kanisa la Masasi, basi, lilianza na watu waliokuwa wameuzwa pwani wakarudi na Injili. Mmoja wa matunda yake ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, aliyetumwa kufanya kazi Chitangali na kupewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo.

Juu ya mji, palipoinuka kidogo, linasimama Boma. Ni jengo zuri, sikatai, la kuta nyeupe nene, matao na mnara ambao kutoka juu yake unaona ghuba yote. Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Uingereza la Trade Aid lilianza kulikarabati likiwa limekaribia kuwa gofu, likageuzwa kuwa hoteli, na vijana wengi wa Mikindani walijifunza hapo kazi ya uashi, useremala na upishi. Kazi hiyo naisifu. Lakini soda unayoinywa katika ua ule unainywa mahali ambapo kodi ilikusanywa, kesi zilikatwa na viboko vilichapwa.

Angalieni mwaka huo: 1895. Ndio mwaka ambao Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua misheni ya Lukuledi. Nyangao ikafuata mwaka 1896. Hapa ndipo ninapotaka tuwe wakweli, kwa sababu ziara nyingi za kiparokia hulipita jambo hili haraka. Wamisionari wetu hawakuja kuchapa mtu. Walikuja na dawa, shule na Habari Njema, na wengi walikufa kwa homa wakiwa bado vijana. Hata hivyo walizungumza lugha ile ile ya watu wa Boma na walilindwa na bendera ile ile. Mkulima wa Lukuledi aliyelazimishwa kulima pamba na kulipa kodi angewatofautishaje?

Jibu lilikuja mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai katika milima ya Matumbi na kuenea kusini kwa majuma machache. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani, Mikukuyumbu karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kabla mwezi haujaisha misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa moto, wamisionari wakakimbilia pwani, na Sista Walburga Diepolder aliyepotezana na wenzake njiani hakuonekana tena. Tunawakumbuka katika sala, na ni haki. Lakini baada yao ikaja adhabu ya serikali: mashamba na maghala yakateketezwa kwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hao nao ni marehemu wetu. Kanisa lilirudi, likaanza upya, na mwaka 1906 ikaanzishwa Ndanda, ambayo hospitali yake imetibu Wakristo na Waislamu bila kuuliza kadi ya ubatizo. Mimi naona kwamba Ndanda ilikuwa jibu bora kwa moto wa mwaka 1905 kuliko mahubiri yoyote.

Wajerumani waliondoka Mikindani mwezi Septemba 1916, Waingereza walipoitwaa kutoka baharini.

Tushuke sasa Mtwara mjini. Mgeni hushangaa kuona mji ulivyotawanyika, barabara pana, nafasi kubwa kati ya Shangani, Ligula na Majengo, kana kwamba mtu alishona kanzu akitazamia kunenepa. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikikosa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu yaliyochaguliwa. Ghuba ya Mikindani haikufaa meli kubwa, hivyo bandari mpya ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Matrekta yalivunjikia katika visiki, mvua ikakataa, na mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa zimekwisha kuwa hadithi. Reli iling'olewa baada ya kufungwa mwaka 1962. Gati lilibaki likisubiri mzigo, na korosho za Wamakonde, ambazo hakuna bwana mkubwa wa London aliyezipangia gati, ndizo zilizolipa kazi.

Katika mji huo tembeleeni makanisa mawili. La kwanza ni la Mtakatifu Paulo, Majengo. Kwa nje halina makuu. Ndani, ukuta wa mbele na kuta za pembeni zimejaa michoro ya matukio ya Biblia kwa rangi kali, kazi ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani, aliyeifanya kwa muda wa miaka miwili hivi. Amechora pia Nyangao, Lindi na kwingineko. Msiingie kwa haraka. Kaeni kwenye benchi, mchague ukuta mmoja, mmwache bibi asiyejua kusoma awasimulie wajukuu kinachotendeka. Mtaona kwamba anajua zaidi ya katekista. Nimewahi kumsikia mgeni mmoja akisema rangi zile ni kali mno kwa nyumba ya sala. Labda huko kwao jua si kali.

La pili ni Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Jimbo la Mtwara liliundwa tarehe 22 Desemba 1972, kutokana na Abasia ya Ndanda iliyokuwa na mamlaka ya kijimbo, na Maurus Libaba akawa askofu wake wa kwanza. Kiti cha askofu kikahamia pwani, kwenye mji uliojengwa kwa ajili ya karanga. Jina la kanisa hilo nalipenda kwa sababu ya pwani yenyewe. Novemba mosi tunawaadhimisha watakatifu ambao hawana siku yao katika kalenda, wasioandikwa popote ila mbinguni. Ukitoka Mikindani asubuhi na kuingia humo mchana, hiyo ni njia nzuri ya kutembea.

Ndipo twende Msimbati, maana najua mmeingojea. Ni kijiji cha wavuvi kusini-mashariki ya mji, ufuo wake ni mpana na mweupe, na kutoka hapo unaweza kwenda Ruvula kwenye ncha ya rasi. Tangu mwaka 2000 eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650. Inalinda matumbawe, mikoko na kasa wanaotaga mchangani. Kuna ada ya kuingia, ilipeni bila kunung'unika. Ilianzishwa wakati uvuvi wa baruti ulikuwa umeharibu matumbawe kwa kiasi cha kutisha. Tungi moja hulipuka, samaki wakubwa kwa wadogo huelea, na nyumba yao hubomoka kwa miaka mingi ijayo. Lakini mvuvi mwenye ngalawa na watoto sita anapoambiwa asitupe wavu hapa wala pale, naye anastahili kusikilizwa. Nunueni samaki wake kwa bei ya haki. Kubishana naye kwa shilingi mia tano huku mmevaa sare mpya za kwaya si vizuri.

Chini ya mchanga huo ndipo gesi ilipo. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ikaanza kutumika miaka ishirini na zaidi baadaye kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi. Habari za bomba la kuipeleka Dar es Salaam zilipotangazwa, watu walihisi kwamba, kama pembe na sandarusi za zamani, mali itapita tu. Januari na Mei 2013 yakatokea machafuko, nyumba zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Sisemi hapa nani alikuwa na haki katika kila jambo. Nasema tu kwamba mtu aliyekwisha kusikia habari za Mikindani haoni ajabu kwamba swali lile liliulizwa kwa uchungu mkubwa namna ile.

Na kusini kabisa, mto. Ruvuma uliwekwa kuwa mpaka na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, wakiwa mbali nao. Mwaka 1894 Wajerumani wakatwaa na kipande cha Kionga upande wa kusini wa mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakakirudisha, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukakithibitisha kuwa chao. Wamakonde wa ng'ambo zote mbili waliendelea kuoana. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na hasa vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu walivuka kuja kwetu na wakapewa mashamba. Nyerere na Samora Machel waliota daraja. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwezi Mei 2010 huko Mtambaswala, mbali sana juu ya mto, lenye urefu wa mita 720.

Mto huo umevukwa tena kwa machozi katika miaka yetu hii. Oktoba 2020 washambuliaji walivamia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo, ulishambuliwa, na familia nyingi zikakimbia kuelekea Ruvuma. Kwa hiyo, wapendwa, anayetaka kwenda hadi ukingoni aulize kwanza serikali ya kijiji na askari wa mpaka, asiende kwa ujasiri wa kwaya. Mkiruhusiwa, nendeni asubuhi maji yakiwa yametulia. Mtawaona viboko kwenye kingo za mchanga, mikoko mahali mto unapokutana na bahari, na upande wa pili moshi wa jiko la mtu anayepika uji. Ukimsalimia kwa Kimakonde atakuitikia.